Sensa ya Makoa wa Bahari



Wapendwa wanaparokia, mwezi Agosti 2022 sisi tuishio Tanzania tulihesabiwa katika Sensa ya Watu na Makazi. Makarani walibisha hodi hata katika nyumba za pembezoni, kwa maana asiyehesabiwa husahauliwa panapopangwa shule, zahanati na maji. Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi sensa nyingine, ile ya makoa wa bahari.

Koa wa bahari ni ndugu wa konokono, ila wengi wao wakishakua hawana gamba. Asichanganywe na jongoo wa bahari, anayevuliwa kwa ajili ya biashara. Wengi hawazidi urefu wa kidole, na wengine ni wadogo kama punje ya mchele. Hata hivyo Muumba amewavika rangi zinazoshinda kanga za sikukuu. Aliyekosa gamba hakuachwa bila kinga: wapo wanaokula sifongo zenye sumu na kuihifadhi sumu hiyo mwilini, wapo pia wanaokula viumbe vinavyowasha, jamaa za yavuyavu, kisha chembe za kuwashia wakazihamishia mgongoni mwao ziwe silaha yao.

Wanaowatafuta katika miamba ya matumbawe ya Unguja, Pemba na Mafia huzamia na mitungi ya hewa mgongoni. Kazi hii haitaki pupa. Mwamba hukaguliwa shubiri kwa shubiri. Koa akionekana hupigwa picha, kisha huandikwa mahali, kina na kile alichokuwa akila. Jiwe likiinuliwa, hurudishwa lilivyokuwa. Huko Australia, tangu mwaka 2013, wazamiaji wa kujitolea hufanya sensa ya namna hii, na wengi wao si wanasayansi. Kumbukumbu zao zimesaidia kuonyesha kwamba baadhi ya makoa wa maji ya joto sasa huonekana mbali na makao yao ya kawaida.

Pengine mmoja wenu atauliza: Padre, watu wana njaa, nasi tuhesabu makoa? Swali hilo ni la haki. Lakini tuangalie: koa wengi huchagua sana chakula, na wengi hawaishi zaidi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo mwamba ukiharibika, wao ni miongoni mwa wa kwanza kutoweka. Na mwamba huohuo ndio nyumba ya changu na chewa wanaomlisha mvuvi na watoto wake. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Baruti za wavuvi haramu nazo zimevunja miamba iliyojengeka kwa karne nyingi. Ni viumbe wangapi wadogo waliokwenda na miamba hiyo? Asiyeandikwa popote hana wa kumlilia. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata kama hakitufai kitu.

Hata hivyo, kuhesabu peke yake hakutoshi. Sir Charles Eliot, Kamishna wa Uingereza katika Himaya ya Afrika Mashariki kuanzia 1900 hadi 1904, alikuwa bingwa wa makoa hawa. Alieleza kwa makini aina nyingi za Unguja na za pwani yetu, wakiwemo waliokusanywa na Cyril Crossland. Lakini bwana huyohuyo alitetea kwa nguvu walowezi wa Kizungu wapewe ardhi ya nyanda za juu za Kenya, yakiwemo malisho ya Wamasai. Jicho lililomwona koa chini ya jiwe halikumwona mchungaji na ng'ombe wake. Ndugu wapendwa, hapo pana onyo kwetu sote. Elimu bila upendo huona rangi za kiumbe na kumpita mwenye haki.

Lakini kosa la upande wa pili nalo lipo. Tunasema tunawapenda wote, kumbe hatujui ni nani amekosekana. Yule mchungaji wa Injili ya Luka alitambua kwamba mmoja amepotea kwa sababu aliwajua wote mia. Je, katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo tunajua ni mzee gani hajaonekana mwezi mzima, ni mjane gani ameacha kuja kwa aibu ya kukosa sadaka? Upendo usiohesabu haumtafuti aliyepotea.

Basi tunawaomba, hasa ninyi vijana wa pwani: maji yakipwa, mtembee mwambani kwa adabu, mkifunua jiwe mlirudishe, na mwenye kuvua kwa baruti asifichwe. Nao viongozi wa Jumuiya wafungue daftari zao juma hili, waende kumtembelea yule ambaye jina lake lipo lakini yeye hayupo.

Mungu aliyehesabu nywele za vichwa vyetu awabariki nyote. Tunawatakieni Dominika njema.