FEDHA HIZI NI ZA NANI?

Wasomaji wetu watustahimilie leo tukivuka bahari hata tukafika Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa.

Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 yaziamuru halmashauri za Bara kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria hiyo ni njema, twakiri.

Lakini mapato hayo hutoka wapi? Hutoka katika ushuru wa mpunga, wa kokoa, wa samaki, wa meza ya sokoni. Mama wa Ipinda au Matema huujaza mfuko kwanza, kisha huambiwa ashukuru kwa kukopeshwa.

Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo yote, baada ya Mkaguzi Mkuu kufichua madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Haikufunguliwa tena hadi 2024. Wezi na washitakiwe, hatuwatetei. Ila kikundi kilicholipa hata shilingi ya mwisho nacho kilifungiwa mlango, tena mavuno ya Kyela yakikaribia, wakati ambapo mpunga hununuliwa rahisi ukawekwa hata bei ipande. Na kikundi hewa hakijiidhinishii mkopo. Aliyetia sahihi ana kiti na ofisi.

Twataka kila halmashauri ibandike mlangoni pake fedha ilizotenga, ilizotoa, na majina ya vikundi vilivyopewa.