Muulizeni Babu Angali Hai

Mama mpendwa, umewahi kusikiliza historia ya marehemu ikisomwa msibani? Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akaugua. Miaka themanini ya jasho inamalizika kwa dakika tano.

Huku Umeru wapo mababu waliokuwa watoto Novemba 1951, serikali ya kikoloni ilipowafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili walowezi wa Kizungu wapate mashamba ya kufugia ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwatetea mbele ya Umoja wa Mataifa, na jina lake limo vitabuni.

Babu wa wanao hayumo vitabuni. Yeye alishika jembe, akapanda migomba na kahawa, akabeba samadi kutoka zizini. Kahawa ile ikalipa karo ya watoto. Kijana aliyekulia Arusha mjini, asiyeyajua hayo, ataona kihamba ni viwanja vya kuuza tu.

Basi, dada, likizo ijayo wapeleke watoto kwa babu. Awaonyeshe masale ya mpakani na kuwaeleza ni nani aliyeyapanda. Mkubwa wao aandike yote katika daftari. Bibi naye aulizwe, kwani samadi ile babu hakuibeba peke yake.

Amri ya kuwaheshimu wazazi haingoji jeneza. Tusianze kumfahamu mzee wetu siku ya kumzika.