Anayekufa juu ya kamiyo naye amekufa kazini



Shimo likibomoka, sisi wote tunajua la kufanya. Tunaita watu, tunafukua kwa mikono, tunaandika majina, tunakaa matanga, kisha sendika inasimama na kuuliza maswali. Tarehe 11 Septemba 2020 kule Kamituga, mvua ilijaza mashimo na watu zaidi ya 50 wakafa. Inchi nzima ilisikia. Ni haki isikie.

Lakini mchimbaji akianguka juu ya kamiyo kabla hajafika kwenye shimo, tunasema nini? Tunasema, "Saa yake ilikuwa imefika." Tunamzika, na kisha siku mbili kamiyo ingine inapakia watu palepale. Hakuna aliyeandika jina lake kwa hesabu ya wafu wa kazi. Hata sisi wa sendika hatukuandika. Leo naandika juu ya hilo, na najihesabu kati ya wenye kosa.

Nitawaeleza kisa kimoja. Nikiwa bado kijana, nilipanda kamiyo hapa Uvira kwenda Misisi kutafuta dhahabu. Chini kulikuwa simenti, juu ya simenti kasha za bia, na juu ya kasha tulikuwa sisi, watu karibu makumi mawili, pamoja na mama mmoja na mtoto mgongoni. Nilimuuliza boi shofere kama kamiyo itaweza kupanda. Akanijibu, "Kaka, panda tu, tutafika." Kwenye kipando kimoja kamiyo ilikosa nguvu, ikaanza kurudi nyuma. Boi shofere aliruka na kigogo cha kuzuia mpira, lakini kigogo kiliteleza kwenye matope. Kamiyo ililala kwa ubavu.

Mimi nilitupwa kwenye majani. Rafiki yangu alibaki chini ya mifuko ya simenti, mfupa wa paja umevunjika. Tulimbeba kwa mlango wa nyumba ya mtu, kisha kwa moto, akiwa amekunjwa kati ya watu wawili. Mpaka leo mguu ule ni mfupi kuliko mwingine, na hajashuka tena kwenye shimo. Mke wake ndiye anayelisha nyumba, anauza ndagala. Mwenye kamiyo alipoulizwa gharama ya matunzo, alisema rafiki yangu alilipa nauli ya gari, hakulipa ya hopitali.

Je, ile ilikuwa saa ya Mungu? Mimi naona ilikuwa ni kazi ya watu, na kila sehemu yake inajulikana.

Ya kwanza ni mzigo. Kamiyo ikipakiwa kupita kipimo, kisha watu wakakaa juu, uzito wote unapanda. Kona ndogo ao shimo dogo la barabara linatosha kuipindua. Na ikipinduka, mtu wa juu anatupwa, kisha mzigo unamfuata.

Ya pili ni freni. Barabara zetu ni za milima. Mnajua mteremko wa Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola. Shofere akishuka na mzigo mkubwa huku anakanyaga freni muda wote, freni inapata moto, na ikichemka haishiki tena. Shofere mwenye akili anashuka na vitesi ndogo, ileile ambayo angepandia nayo, ili injini ishikilie gari. Lakini wengine wanashuka bila vitesi yoyote ili kuchunga mazuti. Wanaokoa lita chache na wanaweka roho za watu kwenye mizani.

Ya tatu ni uchovu. Shofere anayelipwa kwa safari, si kwa siku, hatalala. Ataendesha usiku, juu ya patron anataka mzigo ufike asubuhi.

Ya nne ni barabara yenyewe. Tangu mafuriko ya Aprili 2020, wakati Mulongwe ilipovunja nyumba na madaraja hapa mjini, tunajua mto unaweza kubadilisha njia kwa usiku mmoja. Barabara mbaya ni jukumu la serikali, na tutaendelea kuidai. Ila barabara mbaya haimlazimishi mtu kupakia kupita kipimo.

Kuna ajali ingine ambayo hakuna mtu wa Bonde la Ruzizi anayeweza kuisahau. Ijumaa tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, lori la kubeba mafuta lilipinduka. Ilikuwa siku za Kombe la Dunia, watu wengi wamekusanyika kutazama mpira. Mafuta yalianza kumwagika, wengine wakaenda kuyachota. Kisha moto ukawaka, ukala nyumba na ukumbi wa sinema. Watu zaidi ya 200 walikufa, wengi ni wamama na watoto, na wengi hawakugusa hata bidoni. Serikali ilitangaza siku mbili za maombolezo.

Watu wa mbali walisema, "Ni tamaa." Mimi siwezi kusema hivyo juu ya mtu ambaye bidoni moja ni chakula cha wiki. Na haikuwa sisi peke yetu. Huko Sachang'wan, Kenya, Januari 2009, na Morogoro, Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019, ilikuwa vilevile: lori limelala, watu wanachota, moto. Kila mahali wafu walipita 100. Jambo ambalo watu hawakuelezwa ni hili: esansi inatoa mvuke usioonekana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji, unaingia ndani ya nyumba. Sigara, mbabula ya jirani ao moto inayowashwa mbali kidogo inatosha. Kwa hiyo lori la mafuta likianguka, kukimbia tu hakutoshi. Zima moto wa jikoni, chukua watoto, waite majirani, muende mbali, upande upepo unakotoka.

Wenzetu wa Lualaba nao wana kisa chao. Februari 2019, kwenye kijiji cha Kabwe, lori lililobeba asidi ya salfa, ile inayotumika kutoa shaba na kobalti ndani ya mawe, liligongana na gari za abiria. Si chini ya watu 18 walikufa. Wengine walichomwa na asidi, hawakuwa hata wachimbaji. Kwa hiyo mugodi unaweza kumuua mtu ambaye hajawahi kuuona. Barabara ndiyo mkono wake.

Wamama, hata haya niliyojifunza kwa uchungu yawafae. Mtu aliyeanguka kutoka juu ya kamiyo anaweza kuwa amevunja uti wa mgongo. Msimvute kwa mikono na miguu ao kumkalisha kwa nguvu, labda kama moto ao hatari ingine inakuja. Mlazeni kwenye ubao, kichwa na mgongo vinyooke, mumnyanyue watu wengi kwa pamoja. Mfupa wa paja ukivunjika, damu nyingi inaweza kumwagika ndani bila kuonekana nje. Mfungeni mguu kwa miti ili usicheze, na hopitali iwe mbio. Damu ikitoka nje, kandamizeni kwa kitambaa safi bila kuachilia. Aliyeungua mumwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Hapana dawa ya meno, hapana majivu, hapana mafuta ya mawese.

Sasa tuseme juu ya haki. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, inayoongoza CNSS, inahesabu ajali ya njiani kati ya nyumba na kazi kuwa ajali ya kazi. Mfanyakazi mwenye kontrati anayeumia akienda kazini asikubali kuambiwa, "Hiyo ni mambo ya barabara." Adai ajali iandikwe na itangazwe, na familia ichunge karatasi zote za hopitali.

Lakini wengi wetu hatuna kontrati. Tunafanya kazi na PDG wa shimo, na kesho tuko kwa mwingine. Ila Kodi ya Migodi, tangu ilipobadilishwa Machi 2018, inataka kila mchimbaji wa mikono awe na karte na awe ndani ya koperative. Kama koperative inajua kuhesabu mifuko yangu ya mawe, inaweza pia kuhesabu mfupa wangu.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Koperative na ma-PDG wapange gari la watu mbali na gari la mzigo, hata kama ni mara moja kwa wiki. Kila koperative iweke daftari moja: tarehe, mahali, jina la aliyeumia njiani, gari gani, mzigo gani. Bila daftari tutabaki kulia bila ushahidi. Kwenye barieri, wale wanaosimamisha kamiyo na kuuliza feza waanze kuuliza freni na mipira. Na sisi wa sendika, tunapokwenda kuonana na wakubwa kuzungumzia mashimo, tuweke barabara kwenye barua ileile.

Najua mtaniambia, "Katibu, gari la watu ni bei. Nikikataa kupanda juu ya simenti, nitafikaje?" Ni kweli, mtu mmoja akikataa anaachwa barabarani. Lakini makumi mawili wakikataa siku moja, shofere atashuka kuzungumza nao, na nyuma ya shofere atakuja patron.

Nilipoenda kumsalimia rafiki yangu wiki iliyopita, nilimuomba ruhusa niandike habari yake. Alikubali, ila alitaka nianze ile daftari na jina lake, ingawa miaka imepita. Nimeliandika kwenye mstari wa kwanza. Mwenye jina lingine alilete.