AFYA NYUMBANI: Jino la Kupandikizwa na Maradhi Yaliyofichwa

Mwalimu mmoja ametuuliza hivi: "Baba yangu ana kisukari, naye ataka kupandikizwa jino. Amenikataza nisimwambie daktari wa meno habari ya ugonjwa wake, maana aogopa kurudishwa. Nifanye nini?"

Ndugu mwalimu, yakupasa kusema na mzee kwa adabu, umwonyeshe kwamba hatari kubwa i katika kuficha.

Kwanza ajue jinsi jino hili lishikavyo. Mwaka 1952 mtaalamu wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aliona madini ya titani yameshikamana na mfupa wa sungura hata hayakuweza kutolewa. Mwaka 1965 alimtia mtu wa kwanza mizizi ya titani tayani. Basi hata leo parafujo ndogo hutiwa mfupani, nao mfupa huishika polepole, mara nyingi kwa miezi 3 hata 6. Ni kama nguzo ya nyumba: ijapokuwa imara, udongo usiposhikamana itaanguka.

Sukari ikizidi katika damu, kidonda hukawia kupona na vijidudu huingia upesi. Lakini mgonjwa atunzaye kisukari chake vema, mara nyingi jino lake hushika karibu sawa na la mtu asiye na kisukari. Kwa hiyo daktari akijua, huenda ataagiza damu ipimwe kwanza, au atasema, "Ngoja sukari ishuke." Kungojeshwa si kukataliwa.

Wako na wengine wapasao kusema wazi. Mvuta tumbaku, maana moshi huzuia mfupa kushika. Aliyetibiwa kwa mionzi tayani. Naye aliyepewa dawa za kuimarisha mifupa, hasa za kudungwa kwa ajili ya saratani; tangu mwaka 2003 waganga wameandika habari za wagonjwa wa namna hii ambao mfupa wa taya ulikufa. Tena atumiaye dawa ya kuzuia damu isigande aseme, wala asiiache kwa shauri lake mwenyewe.

Basi mzee na achukue dawa zake zote, aziweke mezani mbele ya daktari. Na jino likiisha kushika, alipige mswaki kila siku na kurudi kutazamwa, maana ufizi huweza kuugua hata penye jino la titani. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua.