Jino Moja Tu

Mwezi huu nawaomba dada zangu msiufunge ukurasa mkiona neno sproketi. Hata mimi nilikuwa mtu wa kukimbia mambo ya grisi. Siku hizi nikiona pikipiki imeegeshwa nje ya saluni nainama kuhesabu meno, watu wananishangaa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mume wangu ana pikipiki ya cc 125, hizi hizi za kawaida mnazopishana nazo kila kona. Jumatatu hadi Ijumaa anaendea kazini. Jumamosi ilikuwa ya kwetu wawili: tunatoka Mwenge asubuhi, Tegeta, Bunju, Mapinga, mpaka Bagamoyo. Samaki wa kukaanga, matembezi ufukweni, halafu tunarudi kabla giza halijaingia. Mwaka wa kwanza wa ndoa hiyo ndiyo ilikuwa starehe yetu, na mfuko haukuumia.

Kisha nikaanza visingizio. Mara nimesuka nywele, mara kichwa, mara kikao cha harusi ya binamu. Ukweli niliumeza: pikipiki ile ilikuwa inanitesa. Ikifika kilomita 70 kwa saa injini inalia kama mashine ya kusaga, miguu inakufa ganzi, na ukitaka kusema neno lazima upasue koo. Namwambia "ona ile nyumba ilivyo nzuri", anajibu "nini?" Narudia. "Nini?" Basi, naacha. Saa moja na nusu mtu na mumewe hawajasemezana! Naye kwa vile makelele yanamchosha anaongeza mwendo tufike haraka, na kelele inazidi. Siku moja tulipofika nikamwambia sipandi tena. Mwenzangu akasikia "sikutaki tena".

Jumamosi tatu mfululizo aliondoka peke yake, mimi nikabaki na rimoti. Hatukugombana hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu. Usiku wa Jumamosi ya tatu nikamweleza yote: ganzi, koo, ile nyumba nzuri. "Kumbe ni injini?" akauliza. Alicheka, lakini nilimwona alivyoshusha pumzi.

Tukaenda kwa fundi wake, safari hii wote wawili. Fundi akaniuliza mimi: "Shemeji, mnataka nguvu au mwendo?" Nikamjibu tunataka kuongea. Alifikiri kidogo, kisha akachuchumaa.

Haya, sikilizeni nilichojifunza. Cheni ya pikipiki inazunguka kwenye sproketi mbili, ndogo ya mbele inayotoka kwenye injini, na kubwa ya nyuma kwenye tairi. Yetu ilikuwa na meno 14 mbele na 42 nyuma. Gawanya 42 kwa 14 unapata 3, yaani sproketi ya mbele inazunguka mara tatu ndipo tairi lizunguke mara moja. Ukiweka ya meno 15 mbele unapata 2.8. Mwendo ni ule ule, ila injini inafanya kazi kwa mizunguko michache. Kama ilikuwa inazunguka mara 6,000 kwa dakika, sasa inazunguka mara 5,600. Ukiyasoma kwenye karatasi utasema ni kidogo sana. Kaa nyuma ya mtu kwa saa moja na nusu ndipo utajua 400 hizo ni nyingi kiasi gani.

Kumbe vijana wengi wa bodaboda wa upande wetu wanafanya kinyume, wanaweka 13 mbele ili ipande mlima na magunia. Na kuna akina kaka wanaoongeza meno wakidhani pikipiki itakimbia kama ndege. Kaka, usijidanganye. Injini ya cc 125 haijapata farasi mpya kwa kubadilishiwa sproketi. Ukizidisha meno, namba tano inakosa nguvu ya kusukuma upepo, na unaweza kujikuta unakimbia polepole kuliko mwanzo. Sisi tulitaka utulivu tu, na kwa utulivu jino moja linatosha. Unaweza pia kupunguza meno matatu nyuma, kutoka 42 hadi 39, matokeo yanakaribiana sana, lakini sproketi ya nyuma ni ghali zaidi.

Kazi yenyewe haikumaliza hata nusu saa. Fundi alifungua kava la upande wa kushoto, akatoa sproketi ya zamani, akaweka mpya, akasogeza tairi la nyuma mbele kama milimita 3 kwa sababu jino la ziada linakula cheni. Kabla ya kufunga aliizungusha kwa mkono kuhakikisha cheni haigusi kava. Hapo msimkubalie fundi mwenye haraka. Angalieni pia namba iliyogongwa kwenye cheni. Yetu ni 428, na sproketi lazima iwe ya namba hiyo hiyo. Na kama meno ya zamani yamepinda kama ndoano, badilisheni sproketi zote mbili na cheni kwa pamoja. Cheni iliyochoka itaitafuna sproketi mpya mapema, halafu mtasema niliwadanganya.

Jumamosi iliyofuata nilipanda. Sitasema pikipiki iligeuka kuwa gari la kifahari, mtetemo bado upo. Ila kwenye kilomita 60 nilimsikia. Tulipofika Mapinga alianza kuniambia, bila kugeuka, kwamba zile Jumamosi tatu hakuwahi kufika Bagamoyo. Alikuwa anaishia Bunju, anakunywa soda, anageuza. "Nani angekula naye samaki?" Nikamkumbatia kiuno, sikujibu kitu. Safari hii ukimya haukuwa wa injini.

Sasa msikimbilie kwa fundi kabla sijamaliza. Kilichoongezwa upande mmoja kimepungua upande mwingine: kwenye kila gia, nguvu ya kuvuta imeshuka kama asilimia 7. Kuondoka na abiria kunataka klachi iachiwe kwa upole zaidi. Pale kwenye kibao cha 50, Bunju na kwingineko, mume wangu sasa anabaki namba nne, maana akilazimisha tano injini inagongagonga. Halafu kuna mshale wa spidi. Wetu unapata waya wake kwenye tairi la mbele, kwa hiyo haukudanganyika. Kama wa kwako unasoma kutoka kwenye gia boksi, utaonyesha pungufu: ukiona 60, ujue uko kwenye 64. Trafiki hatasikiliza hesabu za meno.

Sisi tuliumbuka Lushoto. Tulipita Msata, tukalala Segera, njia nzima raha mustarehe, tunapiga stori. Kutoka Mombo ndipo mlima ulipoanza, kilomita 30 na ushee za kona tupu, watu wawili na begi la zawadi za mama mkwe. Namba tatu ikagoma. Namba mbili ikaanza kushtukashtuka. Kwenye kona moja kali mume wangu akashikilia klachi nusu, ikaanza kunuka, na nilipomwambia tusimame akanijibu kwa ukali ambao sikuuzoea. Nikashuka, nikatembea. Alinisubiri kona ya mbele, amevua helmeti, uso umejaa aibu.

"Tatizo ni mimi niliyependa 15," nikamwambia.

"Hapana, ni mimi niliyedhani barabara zote ni za Bagamoyo."

Tulipofika Soni fundi mmoja aliturudishia ile 14, tuliyokuwa tumeibeba kwa bahati tu. Tairi likarudi nyuma milimita zake 3, cheni ikakazwa, tukapanda hadi juu kwa makelele yale yale ya zamani. Sikulalamika hata mara moja. Tuliporudi Dar tukaweka 15 tena. Ile 14 iko kwenye begi la vifaa, imefungwa kwa kipande cha khanga yangu, maana Desemba mama mkwe anatutegemea.