Utabiri ufike mwaloni kabla ya jua kuzama

WAVUVI wa dagaa katika mialo ya Mwanza, Ukerewe na Sengerema huingia ziwani jioni, hasa siku za giza, kwani dagaa huvutwa na taa pasipo na mbalamwezi. Saa hizo ndizo za hatari. Usiku upepo kutoka nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto, na dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huzuka kuanzia usiku huo hadi asubuhi. Inakadiriwa kuwa watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hilo la nchi tatu.

Utabiri upo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ina rada Mwanza, na mradi wa HIGHWAY, uliosimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani hadi 2021, uliboresha taarifa za ziwa. Lakini taarifa ya saa mbili usiku humkuta mvuvi amekwishawasha taa.

Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) vipewe taarifa kabla ya saa kumi jioni, pamoja na nguvu ya kuzuia mitumbwi. Kikwazo, na hapa wengi hunyamaza, ni petroli. Tajiri aliyekwisha kuinunua hataki habari za mawingu, na kibarua anayelipwa kwa mgawo wa samaki hana ubavu wa kugoma.

Tajiri huyo hupata fedha za injini na nyavu. Halmashauri inayompa leseni ihesabu kwanza majaketi okozi mtumbwini, ndipo igonge muhuri.