Arafa na Mhudumu wa Kijijini
Mwaka 2008, Hospitali ya St. Gabriel iliyoko Namitete, nchini Malawi, iliwapa simu za kawaida wahudumu 75 wa afya ya jamii, yaani wanakijiji wanaojitolea kuwafuatilia wagonjwa majumbani, ikawafundisha kutuma arafa, au ujumbe mfupi wa maandishi, kwenye kompyuta moja yenye programu ya FrontlineSMS, ambayo ilipokea na kusambaza ujumbe kupitia mtandao wa simu bila kuhitaji intaneti. Kabla ya hapo, taarifa ya mgonjwa aliyeacha dawa ilisafiri kwa miguu pamoja na mhudumu mwenyewe, au ilimngoja muuguzi apate pikipiki na mafuta. Lakini ndani ya miezi 6 hospitali iliokoa takriban saa 1,200 za kazi ya ufuatiliaji, na zaidi ya wagonjwa 100 walianza matibabu ya kifua kikuu baada ya dalili zao kuripotiwa kwa arafa. Takwimu hizo, ambazo kwa haki zinatia moyo, zisiwafanye wapangaji wa afya waamini kwamba simu ndiyo iliyotibu, kwa kuwa arafa isiyo na muuguzi wa kuijibu wala dawa ghalani humwacha mhudumu akiaibika mbele ya jirani zake. Serikali zinazoiga mfano huu zianze, basi, kwa kumlipa mhudumu huyo posho ya kudumu na kugharimia muda wake wa maongezi.